Saa ya Marehemu Ina Bei

Kuna sentensi moja ambayo sisi wachungaji tumeizoea mno katika vikao vya familia baada ya mazishi. Ndugu mmoja anainua kitu kidogo cha marehemu, mara nyingi saa yake ya mkononi, na kusema kwa sauti ya upole: "Hii haina thamani, nitaichukua tu kama kumbukumbu." Wote wanatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti anaendelea na habari za shamba na nyumba. Mwishoni tunaombwa tufunge kwa sala, nasi tunafunga.

Tunaandika kuipinga sentensi hiyo. Tunaipinga pia ndugu yake, ingawa inasikika kama kinyume chake: "Hii haina bei, ni ya ukoo." Ya kwanza inashusha thamani mpaka chini ili kitu kichukuliwe bila malipo. Ya pili inapandisha thamani mpaka mawinguni, nayo pia ni ili kitu kichukuliwe bila malipo. Njia ni mbili lakini mwisho wake ni mmoja, na Amri ya Saba inaupa jina lake: wizi.

Msomaji atasema tumeanza kwa ukali. Basi asikilize kwanza jambo lililotupata.

Swali la mjane

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kwenye kikao cha familia ya mwalimu mstaafu, aliyekuwa mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa kijijini. Ilikuwa siku ya kuanua tanga. Mwalimu alikuwa ameacha mke, watoto wanne, ekari mbili za kahawa na migomba, nyumba, ng'ombe wawili, na saa ya mkononi aliyoirithi kwa baba yake. Baba yake alikuwa karani wa chama cha ushirika, naye aliinunua saa hiyo katika miaka ya 1950, wakati kahawa ilipokuwa na bei nzuri. Ilikuwa Omega ya chuma, ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika na mkanda umechakaa. Kila Jumapili mwalimu aliitazama saa hiyo kabla ya kugonga kengele ya kwanza. Washarika wote walimfahamu kwa jambo hilo.

Mdogo wake marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Aliinua saa, akaitikisa karibu na sikio, akasema haitembei. Akasema ni chuma tu cha zamani, ila angependa kuwa nayo ili amkumbuke kaka yake. Hakuna aliyepinga. Katika orodha ya mali iliyopelekwa Mahakama ya Mwanzo, saa haikuandikwa. Mjane alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake wenzake. Hakusema neno, na hakuna aliyemwuliza. Sisi tulisoma Zaburi, tukaomba, tukabariki chakula.

Mwaka uliofuata yule mama alikuja ofisini kwetu. Kijana wake wa mwisho alikuwa amerudishwa kutoka chuo cha ufundi kwa kukosa ada ya shilingi laki nne. Naye alikuwa amesikia kwamba shemeji yake ameiuza saa mjini kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Alikuwa amesikia pia, na baadaye fundi saa mwenyewe alitueleza, kwamba shemeji aliipeleka kwa fundi huyo ili aambiwe bei yake katika wiki ya msiba, kabla ya kikao. Mama hakuja kushitaki. Aliuliza swali moja tu: "Baba Mchungaji, siku ile mlijua?"

Tulimjibu kweli kwamba hatukujua. Lakini alipoondoka tulibaki na jibu lililo kamili zaidi. Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Na hatukuuliza kwa sababu tulidhani kuuliza bei ya kitu mbele ya picha ya marehemu ni kukosa adabu, na labda ni kukosa imani.

Nani alitufundisha hivyo?

Tujichunguze. Mara ngapi tumesimama madhabahuni na kusema kwamba bei ni mambo ya dunia na thamani ni mambo ya Mungu? Maneno hayo yanapendeza masikioni. Lakini yakishuka kutoka madhabahuni mpaka kwenye kikao cha mirathi, yanamsaidia nani? Yanamsaidia yule anayejua bei na kuinyamazia. Mjane hayamsaidii, wala binti aliyeolewa mbali na kufika siku ya mwisho ya matanga. Mtu dhaifu katika familia hana silaha nyingine isipokuwa ukweli uliowekwa mezani mbele ya watu wote. Tukiuondoa ukweli huo kwa jina la kiroho, tumempokonya silaha yake pekee.

Maandiko hayatufundishi hivyo. Fungua sura ya mwisho ya kitabu cha Mambo ya Walawi. Sura nzima ya 27 inahusu kukadiria thamani ya watu, wanyama, nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu. Na anayekadiria ni nani? Ni kuhani. Anamtazama mnyama, akiwa mwema au mbaya, na kutaja thamani yake. Anaitazama nyumba na kufanya vivyo hivyo. Aliyeiweka wakfu akitaka kuikomboa, anaongeza sehemu ya tano juu ya bei hiyo. Na maskini asiyeweza kufikia kiwango kilichowekwa, kuhani anamkadiria kwa kadiri ya uwezo wake. Hapo ndani ya Torati, kutaja bei kwa haki ni kazi ya mtumishi wa madhabahu, na huruma kwa maskini imo ndani ya kazi hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia kuhani kwamba anaichafua ibada kwa hesabu.

Kumbukumbu la Torati 25 inamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Hizo ndizo sentensi mbili tulizotaja mwanzoni. Ndugu anapochukua mwenyewe, anatoa jiwe dogo na kusema haina thamani. Mwingine anapotaka kuchukua, anatoa jiwe kubwa na kusema haina bei. Mfuko ni ule ule na mtu ni yule yule.

Wengine wanatujibu kwa Yuda Iskariote. Katika Yohana 12, wanasema, Mariamu alipompaka Yesu marhamu, ni Yuda aliyeitaja bei yake, dinari mia tatu. Basi anayetaja bei ana roho ya Yuda. La hasha! Someni mstari unaofuata. Yohana hamlaumu Yuda kwa kujua bei ya marhamu. Anamlaumu kwa sababu alikuwa mwizi, mfuko ulikuwa mikononi mwake, naye alichukua vilivyotiwa humo. Kosa lake lilikuwa kuwataja maskini huku jicho lake likiwa mfukoni. Anayetaja kumbukumbu huku jicho lake likiwa kwenye saa ndiye anayefanana na Yuda.

Wengine wanatujibu kwa Luka 12. Mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, na Bwana akakataa kufanywa mwamuzi. Ndiyo, alikataa. Lakini hakusema kwamba urithi usigawanywe, wala hakumsifu yule ndugu aliyekuwa ameukalia wote. Aliwaonya wote wawili wajilinde na choyo. Na katika Injili hiyo hiyo, sura ya 19, wokovu ulipofika nyumbani kwa Zakayo ulikuja na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Mtu hawezi kurudisha mara nne ya kitu ambacho hataki kutaja bei yake.

Nasi Walutheri hatuna udhuru hata kidogo. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliwaandikia baba wa nyumba na watoto wao. Katika Amri ya Saba alikataza kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa za hila. Katika Amri ya Tisa aliutaja urithi waziwazi: tusiuvizie urithi wa jirani kwa werevu, wala tusijitwalie kwa kisingizio cha haki. Vijana wetu wa Kipaimara wanakariri maneno hayo kila mwaka. Je, tumewahi kuwaambia kwamba yanahusu saa ya babu?

Kisingizio cha haki kinapenda sana kuvaa joho la dini. Ahabu alipolitaka shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, Yezebeli hakutuma majambazi. Aliandika barua, akatia muhuri, akaagiza wazee wa mji watangaze mfungo na kuweka mashahidi. Yote yanasimuliwa katika 1 Wafalme 21. Kulikuwa na baraza, kulikuwa na wazee, kulikuwa na ibada. Kila tunapofunga kwa sala kikao ambacho hatukuuliza ndani yake swali hata moja, tujiulize tumekaa upande gani wa hadithi hiyo.

Jinsi ya kukadiria kwa haki

Sasa tuseme jambo la kutendeka, kwa maana karipio bila mafundisho haliwajengi watu. Saa ya urithi inakadiriwaje?

Kwanza, isiguswe kwa haraka. Wengi hukimbilia kuisafisha, kuisugua ing'ae, kuibadilisha uso na mishale. Kwa saa ya zamani hilo ni kuipunguzia thamani. Wanunuzi wanaojua hutaka uso wake wa asili hata ukiwa umefifia, na kasha ambalo kingo zake hazijaliwa na msasa. Usifungue kifuniko cha nyuma kwa kisu cha jikoni. Usilazimishe ufunguo uliogoma.

Pili, itambuliwe. Lisomwe jina lililo usoni, kisha zitafutwe namba. Baadhi ya saa zina namba kwenye kasha, nyingine ndani juu ya mashine, na hapo lazima fundi aifungue. Namba hizo husaidia kujua aina ya saa na miaka ilipotengenezwa. Kama kuna boksi, cheti cha dhamana au risiti ya zamani katika sanduku la marehemu, visitupwe pamoja na karatasi nyingine, kwa sababu vinaongeza bei na vinathibitisha ukweli.

Tatu, iulizwe mashine yake ni ya namna gani. Kuna saa za kutia ufunguo, kuna zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, na kuna za betri. Saa ya kwanza ya mkononi yenye mashine ya kwatzi, Seiko Astron, iliuzwa Japani siku ya Krismasi mwaka 1969, nayo ilikuwa ghali kama gari dogo. Baadaye teknolojia hiyo ilishuka bei mpaka leo saa za betri zinauzwa kando ya barabara. Kwa hiyo bei aliyolipa babu zamani haikuambii bei ya leo. Iliyokuwa ghali inaweza kuwa rahisi, na ile ya kawaida ya karani wa ushirika inaweza kuwa imepanda.

Nne, dhahabu ithibitishwe. Rangi ya manjano haitoshi. Dhahabu ya karati 18 hupigwa alama 750, ya karati 14 alama 585, ya karati 9 alama 375. Saa nyingi zinazong'aa ni chuma kilichochovywa dhahabu nyembamba tu juu yake.

Hapa tunakumbuka ndugu wawili wa usharika mwingine ambao hawakusalimiana kwa miaka miwili kwa sababu ya "saa ya dhahabu" ya baba yao. Mmoja alikuwa nayo, na mwingine aliamini inaweza kununua kiwanja. Hawakukaribia pamoja Meza ya Bwana, na mmoja hakwenda kwenye harusi ya binti wa mwenzake. Mwishowe tuliwashawishi waende wote wawili kwa fundi, siku moja, saa moja. Fundi aliifungua mbele yao. Ilikuwa ya betri, imechovywa, na bei yake haikuzidi shilingi elfu arobaini. Walicheka, kisha mkubwa akaanza kulia. Miaka miwili ya udugu ilikuwa imepotea kwa jambo ambalo fundi alilimaliza kwa dakika kumi.

Tano, ijulikane ni bei ipi inayotajwa. Saa moja ina bei zaidi ya moja bila udanganyifu wowote. Kuna bei ya kununua nyingine kama hiyo dukani, ambayo huwa juu. Kuna bei ambayo mfanyabiashara atakupa leo taslimu, ambayo huwa chini kwa sababu naye anataka faida. Na kati ya hizo kuna bei ambayo muuzaji asiye na shida na mnunuzi asiye na haraka wangekubaliana. Mwenye hila hutumia ya chini anapochukua na ya juu anapotoa. Familia ikubaliane kutumia moja, ile ya katikati, kwa vitu vyote na kwa watu wote. Na bei inayotakiwa na muuzaji kwenye tangazo si ushahidi. Ushahidi ni bei ambayo saa kama hiyo imekwisha kuuzwa.

Sita, waulizwe watu wawili wanaojua, wasio ndugu wa familia, na anayeitaka saa asiende peke yake. Hakuna aibu katika kuuliza. Mwaka 1527 Luther mwenyewe aliletewa saa kama zawadi na abati mmoja wa Nuremberg, Friedrich Pistorius. Katika barua ya shukrani alikiri kwamba itambidi awe mwanafunzi wa wataalamu wa hesabu ili aielewe. Daktari wa Maandiko hakuona haya kusema kwamba hajui saa. Mbona sisi tunaona haya?

Saba, iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kuipelekea mahakama orodha ya mali na baadaye hesabu ya mgawanyo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba vitu vidogo vimesamehewa. Mungu huitawala dunia hii pia kwa mkono wake wa kushoto, kwa sheria, mahakama, mizani na maandishi. Mkristo anayeidharau orodha kwa sababu ni ya kidunia anaidharau zawadi ya Mungu iliyowekwa kuwalinda wanyonge.

Kumbukumbu ya kweli inalipa

Kuna watakaosema tumesahau jambo kubwa. Saa ya baba si chuma na kioo tu. Ni mkono wake, ni kengele ya kwanza ya Jumapili. Je, fundi anaweza kukadiria hilo?

Hawezi, nasi hatusemi anaweza. Hata soko linajua kwamba mkono uliovaa saa unahesabika. Mwezi wa Oktoba 2017, katika mnada mjini New York, Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani. Ilikuwa saa ya kiwandani kama wenzake. Kilichoipandisha ni aliyeivaa, na maneno mafupi ambayo mkewe aliyachonga nyuma yake kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu. Mwalimu wetu wa kijijini hana wanunuzi wa namna hiyo. Kengele zake zote hazitaongeza shilingi moja kwenye bei ya saa yake.

Basi kumbukumbu hiyo ni ya nani? Ni ya mjane aliyeamka naye gizani siku za Jumapili. Ni ya watoto wote wanne. Ni ya usharika ulioitikia kengele. Hakuna mtu mmoja anayeimiliki, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuitumia kama hati ya kuchukulia saa bure. Tunasema wazi: kama kweli ni kumbukumbu, lipa. Anayempenda marehemu hatamwibia watoto wake ili amkumbuke.

Chukueni mfano wa ile Omega. Thamani yake ilikuwa shilingi milioni moja na laki mbili, nayo ilikuwa mali ya mjane na watoto wanne. Tuseme mafungu ni sawa. Kila mmoja ana laki mbili na elfu arobaini ndani ya saa ile. Mtoto anayetaka kuivaa angehesabiwa fungu lake, na wenzake wangepewa laki tisa na sitini kwa fedha au kwa vitu vingine, hata kidogo kidogo. Saa ingebaki nyumbani, ada ya kijana ingepatikana, na mwenye saa angeivaa bila kuinamisha macho mbele ya mama yake. Shemeji naye, ambaye hakuwa hata mmoja wa warithi, angepaswa kuinunua yote kama mtu mwingine yeyote. Hesabu hiyo haikuhitaji wakili. Ilihitaji mtu mmoja wa kusema: "Tuiandike, kisha tukaulize."

Na hapa hatuwezi kunyamaza kuhusu mila. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliwapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wana wengine wa kiume wakafuata, mabinti mwisho. Mjane liliandika hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wengi wetu bado tunaketi kwenye vikao kana kwamba tangazo hilo lilishuka Sinai. Lakini mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kudai urithi, na katika Hesabu 27 Bwana alisema wamenena haki. Mama anayekaa mkekani bila kuulizwa ana Mungu anayemwuliza.

Kanisa nalo lina mkono

Tusimalize kwa kuwanyoshea wengine vidole. Nasi tumepokea. Tumepokea kuku, tumepokea shuka, na wako watumishi waliovishwa saa ya marehemu siku ya kuanua tanga, "kumshukuru mchungaji kwa huduma", kabla mirathi haijafunguliwa. Tumepokea vitu vya marehemu kwa mnada wa baada ya ibada, tukashangilia bei ikipanda, bila kuuliza kama warithi wote wameridhia. Yesu analitaja jambo hilo katika Marko 7 kwa neno Korbani: mtu anakiita kitu sadaka ya Mungu ili asimtunze nacho baba au mama yake. Na katika Marko 12 anawaonya wale wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, kisha mara moja anawaonyesha wanafunzi mjane mwenye senti mbili. Alijua idadi ya senti zake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunajidai sisi kwanza. Mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa asifunge kikao cha mirathi kwa sala kabla ya kuuliza kwa sauti: Je, vitu vyote vimeandikwa, na mama ameulizwa? Usharika usipokee kitu chochote cha marehemu, hata leso, kabla mgawanyo haujakamilika na warithi hawajaridhia. Na madarasa ya Kipaimara yafundishe Amri ya Saba na ya Tisa kwa vitu ambavyo watoto wanavijua: simu, saa, baiskeli, kitenge cha bibi.

Tunaweza kuyafanya haya bila hofu, kwa sababu hatuishi kwa urithi wa namna hiyo. Petro, katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza, anatuambia tumekombolewa kwa damu ya Kristo na si kwa fedha wala dhahabu, na kwamba tumewekewa mbinguni urithi usioharibika. Mtu mwenye urithi huo anaweza kuachilia kiganja chake. Hana haja ya kuficha bei ya chochote. Neema haituondolei mizani, inatuondolea sababu ya kuichezea.

Mama yule tulimrudia. Tulikwenda kwa shemeji yake pamoja na wazee wawili, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Alikana, kisha akakasirika, kisha akanyamaza. Baada ya miezi alileta laki tatu, na baadaye laki tatu nyingine. Kijana alirudi chuoni. Laki sita bado, nasi tunamkumbusha kila tunapokutana, kwa upendo na kwa tarakimu. Saa yenyewe haikupatikana tena.

Kengele ya kwanza sasa inagongwa kwa kutazama simu. Siku moja tulimwona mama yule amesimama mlangoni mwa kanisa akiisikiliza. Hakutuuliza kitu. Lakini tangu siku hiyo hatujafunga tena kikao cha familia kabla ya kuuliza.